Mpungate ndani ya hifadhi: anzeni pembeni

Mimi ni skauti katika hifadhi ya jamii kaskazini mwa Laikipia, Kenya, upande wa Doldol, na siku hizi naongoza kikosi cha kupambana na mpungate, ile kaktasi vamizi ya miiba. Wenzangu wa hifadhi nyingine hunipigia simu na swali ni lilelile: tumeuona kwetu, tuanze wapi? Jibu langu ni anzeni pembeni. Nimeona niliandike kwa urefu, maana kwenye simu halieleweki vizuri.

Hifadhi nyingi huanzia katikati, kwenye kichaka kikubwa, kwa sababu ndicho kinachokera macho na ndicho mgeni huonyeshwa akija. Vijana wanaajiriwa, wanafyeka kwa panga kwa siku kadhaa, pesa inaisha na kichaka kimemeguka pembe moja tu. Wakati huohuo, mbali kidogo na hapo, chini ya mgunga ambapo nyani hulala, miche michache imeota na hakuna aliyeitazama. Miche hiyo mtu mmoja mwenye sururu angeimaliza kabla ya chai ya saa nne. Ikiachwa, baada ya miaka michache ni kichaka cha pili, na hicho nacho kitatupa mbegu mbele zaidi. Kichaka kikubwa hakiendi popote. Kinachotembea ni ile miche ya mbele, na nguvu za mikono zitumike huko. Cha katikati tutamwachia mdudu, nitaeleza.

Kwanza jueni ni mpungate upi

Kwetu kuna aina zaidi ya moja, na ukikosea aina, kazi ya mdudu itakushinda. Unaosumbua sana unaitwa Opuntia stricta. Ni mfupi, mara nyingi hauzidi kimo cha mtu, na mabapa yake, yale yanayofanana na majani manene, yana miiba michache ya manjano au hayana kabisa. Maua ni ya manjano, matunda ni ya zambarau iliyokolea, na ukilivunja tunda rangi hiyo haitoki mkononi upesi. Wa pili ni Opuntia engelmannii, mkubwa zaidi, wenye mabapa mapana ya mviringo na miiba mirefu mieupe iliyokaa kwa vishungi. Wa tatu ni ule wa matunda matamu ya kula, Opuntia ficus-indica, ambao unaweza kukua ukawa kama mti. Yote asili yake ni bara la Amerika. Huku Doldol mpungate uliletwa wakati wa ukoloni ukapandwa kama uzio, na wazee wetu wanakumbuka ulipokuwa mstari mmoja tu wa kijani kando ya majengo ya serikali.

Piga picha ya bapa, ya ua na ya tunda, umtumie mtaalamu wa mimea kabla hujapanga lolote. Usitumie jina la kienyeji peke yake, maana sisi tunaziita zote mpungate.

Unavyosafiri

Mpungate una njia mbili za kuenea. Ya kwanza ni tunda. Ndovu analila, nyani analila, ndege wanalila, mbuzi wetu wanalila, na mbegu zinatoka zikiwa hai kwenye samadi. Chunguza rundo la zamani la kinyesi cha ndovu baada ya mvua utaona miche midogo imejipanga humo, kila mmoja na vijani viwili vinono. Njia ya pili ni bapa lenyewe. Bapa likianguka likagusa udongo linatoa mizizi. Kwato zinalisukuma, maji ya laga, yaani mto wa msimu, yanalibeba, gari linalikanyaga na kuondoka na kipande. Ndiyo maana kuufyeka kwa panga na kuyaacha mabapa chini ni kuupanda upya.

Na madhara si malisho tu. Tunda na bapa vimejaa vimiiba vidogo laini, vya rangi ya kahawia, ambavyo huvioni vizuri mpaka uvigeuze kwenye jua. Mfungue mdomo mbuzi aliyezoea matunda haya. Ulimi una vidoti vidogo kotekote, ufizi umevimba, meno ya mbele yameoza au yamelegea. Ukipitisha kidole juu ya ulimi unahisi vinakuchoma. Vingine huingia tumboni vikatoboa utumbo, vingine huingia machoni. Mbuzi kama huyo anasimama kwenye nyasi na hawezi kula. Katika ukame wa 2020 hadi 2022, mpungate ulipobaki kitu pekee cha kijani, wafugaji wengi walipoteza mifugo kwa namna hiyo. Mkutanoni mfugaji akiniambia mpungate ni neema kwa kuwa ulimvusha ukame, simbishii. Namwomba tu tukafungue midomo ya mbuzi wake pamoja.

Ramani kabla ya jembe

Tembeeni wakati wa kiangazi, nyasi zikiwa zimekauka, kwa sababu mpungate unabaki kijani na unaonekana kutoka mbali. Msitembee ovyo. Pitieni mahali ambapo wanyama hupumzika au hunywa: chini ya miti mikubwa, kingo za laga, maboma yaliyohamwa, visima na mabwawa, njia za ndovu, na kando ya uzio wa waya ambapo ndege hutua. Wachungaji watoto ndio wajuzi wakubwa kuliko sisi skauti. Waulizeni ni wapi mbuzi hurudi wakiwa na midomo ya zambarau.

Kila mahali mnapouona, wekeni alama kwenye simu na mwandike neno moja kati ya matatu: mmoja, kundi, au msitu. Mmoja ni mimea ya kuhesabika kwa vidole. Kundi ni ule ambao kikosi chenu kinaweza kuumaliza kwa siku moja. Msitu ni unaozidi hapo. Kisha chora ramani ya karatasi, itundikwe ofisini, na wote waone kazi inaanzia wapi. Inaanzia kwenye alama za «mmoja» zilizo mbali zaidi na msitu, hasa zilizo upande wa juu wa laga, kwa sababu mafuriko hushusha mabapa kwenda chini na hayapandishi. Mkisafisha chini kwanza, mvua ijayo itawarudisha mlikotoka.

Kamati ikikataa mpango huu, na mara nyingi hukataa kwa sababu msitu uko karibu na kijiji na watu wanataka kuona kazi, kubalianeni kufungua njia za mifugo na za watoto wa shule tu ndani ya msitu, nguvu nyingine zote ziende pembeni. Mimi huo ndio mpaka wangu, sishuki chini ya hapo.

Kung'oa

Vifaa ni sururu, jembe, koleo ndefu za chuma kama zile za kugeuzia nyama choma, magunia magumu, glavu za ngozi, miwani ya kukinga macho na buti. Glavu za kitambaa hazifai, vimiiba hupenya na kubaki ndani, na kesho unazivaa tena. Vaeni mikono mirefu. Simama upande unakotoka upepo, ili vimiiba vikipeperuka viende mbele yako.

Anza na matunda. Yachume kwa koleo moja moja uyatie guniani kabla hujautikisa mmea, maana ukiutikisa yanaanguka na kubingirika. Kisha kata mabapa kutoka juu kwenda chini, nayo yaende kwenye gunia, hata vipande vidogo vya ukubwa wa kidole gumba. Mwisho chimba shina. Mizizi ya mpungate haiendi chini sana, inatambaa, kwa hiyo kata udongo kuzunguka shina halafu linyanyue lote pamoja na shingo ya mizizi. Ukiacha shingo, litachipua. Pitia ardhi kwa macho mara mbili. Watu wawili tofauti wapitie, si mtu yuleyule aliyechimba.

Ya kuzikwa yazikwe ndani ya shimo la kina cha kiuno, mbali na laga, na udongo ushindiliwe vizuri. Msijaribu kuyachoma yakiwa mabichi. Yamejaa maji, moto unababua nje na ndani yanabaki hai. Bapa lililotupwa juu ya jiwe juani linaweza kukaa miezi likiwa limesinyaa, na mvua ikinyesha likaamka. Kama hamna nguvu ya kuchimba shimo siku hiyo, lundikeni yote mahali pamoja palipozungushiwa miiba ya mgunga ili mbuzi na nyani wasiyatawanye, mrudi kuzika. Msisafirishe mpungate kwenye pikapu iliyo wazi. Kabla ya kuondoka kila mtu akague soli za buti, na dereva akague magurudumu.

Ukichomwa na vimiiba usisugue. Bandika utepe wa gundi juu ya ngozi, ibandue, rudia, halafu umalizie kwa kibano. Vikiingia jichoni usiguse, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mdudu kwa ajili ya msitu

Sasa tuje kwenye msitu wenyewe, ambao mikono haiuwezi. Upo mdudu mdogo aitwaye kochinili, Dactylopius opuntiae. Anafyonza utomvu wa mpungate na hawezi kuishi kwenye nyasi, mahindi wala miti yetu. Ukimwona mara ya kwanza utadhani ni ukungu, vipamba vyeupe vimebandikana kwenye bapa. Kila kipamba ni jike mmoja aliyejifunika nta na hatembei tena maishani mwake. Mponde kwa kidole. Ndani ni nyekundu kama damu, rangi ileile ambayo jamaa yake mwingine alifugwa kwa ajili yake karne nyingi huko Meksiko kutia vitambaa rangi. Huwa nawapondesha wazee mmoja baada ya mwingine, kwa sababu mtu aliyeiona rangi hiyo kidoleni hasahau tena tofauti ya mdudu na ukungu.

Njia hii ina historia ndefu. Australia ilivamiwa na mpungate mpaka kufikia 1925 eneo la kama hekta milioni 24 lilikuwa limefunikwa. Mwaka 1926 wakaachia nondo kutoka Argentina, Cactoblastis, ambaye viwavi wake hula mabapa kutoka ndani, na kabla ya katikati ya miaka ya 1930 mashamba mengi yalikuwa yamefunguka. Lakini nondo huyo baadaye aliingia visiwa vya Karibi na Florida, na huko anakula mipungate ya asili ya Amerika. Mdudu si wa kuchezea. Kwa hifadhi zetu mfano ulio karibu zaidi ni hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini. Opuntia stricta ulipandwa kule kama pambo kwenye kambi ya Skukuza, nyani na ndovu wakausambaza. Walipiga dawa miaka mingi na mpungate ukaendelea kusonga. Nondo aliachiwa 1988 akasaidia kiasi. Kochinili wa kabila linalopenda stricta alipoachiwa 1997, vichaka vizito vilianguka.

Nimesema kabila kwa makusudi. Kochinili wana makabila, na lile la stricta halifanyi kazi ya maana kwenye engelmannii. Watu wamebeba mabapa yenye wadudu kutoka kwetu wakayaweka kwenye mpungate mkubwa wa miiba mieupe, wakasubiri, hakuna kitu, wakasema mdudu ni uongo. Rudi kwenye ile picha uliyomtumia mtaalamu.

Kuingiza mdudu kutoka nje ya Kenya bila kibali ni kosa, na KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea, ndio wa kuulizwa. Huyu wa stricta alishaletwa Laikipia kwa utaratibu. Hata hivyo usimchukue hapa ukampeleka kaunti nyingine bila kuzungumza na KEPHIS na KWS, shirika la wanyamapori, na bila kuwauliza majirani zako kama kuna anayetegemea mpungate wa matunda. Kule Tigray, Ethiopia, kochinili wa aina nyingine, Dactylopius coccus, aliletwa kwa biashara ya rangi, akatoka mashambani akaangamiza mipungate ya matunda ambayo familia maskini hula katika miezi ya njaa. Somo hilo ni la jirani yetu na tusilirudie.

Kama mna kibali na aina ni sahihi, fanyeni hivi. Jengeni kibanda cha kivuli chenye paa lisilovuja na wavu pembeni. Ning'inizeni mabapa mazima kwenye waya, muweke kati yake mabapa yenye wadudu. Watoto wa mdudu, vidoti vyekundu vinavyotembea, watahama wenyewe kwenda kwenye mabapa mapya. Baada ya wiki kadhaa mabapa yamejaa nta nyeupe na ndiyo mbegu yenu. Yapelekeni msituni mwanzo wa kiangazi. Mvua kubwa huwaosha wadudu wachanga, kwa hiyo Aprili na Novemba si miezi ya kazi hii. Bapa lenye wadudu lishikizwe katikati ya mmea mzima, penye kivuli, ligusane na mabapa mabichi. Linapokauka watoto huhama. Msitandaze wadudu kidogo kidogo kila mahali. Wekeni wengi kwenye mimea michache iliyo upande unakotoka upepo, kwa sababu wale wachanga wa kike wana nyuzi za nta zinazowawezesha kupeperushwa, na upepo utawafanyia kazi.

Halafu muache. Hapa ndipo panapohitaji msimamo. Msitu utakaa muda mrefu ukionekana kama kawaida, kisha mabapa ya juu yatageuka manjano, yatalegea, yataanguka. Yaliyoanguka yatajaribu kutoa mizizi na mdudu atayafuata. Mtu akija na panga au dawa wakati huo anaua wadudu pamoja na mmea, na machipukizi yatakayotoka hayatakuwa na wa kuyala. Mahali ambapo mdudu anafanya kazi, mikono na dawa visiingie. Usitarajie pia kwamba utaisha kabisa. Mdudu huushusha mpungate chini mpaka hauzai tena matunda ya kutosha kusambaa, na hapo malisho hurudi.

Kuhusu dawa za kuua magugu nina machache. Zipo zinazofanya kazi zikidungwa ndani ya shina, lakini ni ghali, zinataka mtu aliyefunzwa, na karibu na visima vya jamii mimi sizitaki. Zibaki kwa mimea mikubwa ya engelmannii ambayo haichimbiki, na mtaalamu awepo.

Nyasi

Ardhi iliyosafishwa ikiachwa tupu itaota mpungate tena, kwa sababu mbegu zimelala ndani yake na hukaa miaka mingi. Mpungate uliingia kwetu pale ambapo nyasi zilikuwa zimekwisha kwa kulishwa kupita kiasi, na hilo halina wa kulaumiwa ila mpangilio wetu wa malisho. Mahali mlipong'oa, chimbeni vijaruba vya nusu mwezi, mdomo ukitazama juu ya mteremko ili maji yakamatwe. Mwageni humo mbegu za nyasi za kienyeji kama Cenchrus ciliaris na Eragrostis superba kabla mvua hazijaanza. Funikeni kwa matawi ya mgunga yenye miiba. Kubalianeni na kamati ya malisho kwamba mifugo haitakanyaga hapo mpaka nyasi zimetoa mbegu zake mara moja. Mazungumzo hayo ni magumu kuliko uchimbaji wote, na yafanyike na wazee chini ya mti, kabla mtu hajashika sururu. Mkishang'oa ndipo mkaanza kuomba, mbuzi watakuwa wameshaingia.

Kila baada ya mvua, wiki sita hivi baadaye, pitieni alama zote za «mmoja» na «kundi» mkiwa na ile ramani. Mche wa umri huo unang'oka kwa vidole viwili vyenye glavu. Andikeni tarehe na idadi hata kama ni sifuri. Sifuri tatu mfululizo hazitoshi kufuta alama kwenye ramani.

Watu huniuliza pia kuhusu jemu, juisi na gesi ya kupikia inayotengenezwa kwa mpungate. Vipo vikundi vya akina mama Laikipia vinavyofanya kazi hiyo vizuri na nawaheshimu, ila sheria tatu zifuatwe. Mavuno yatoke ndani ya msitu, yasitoke pembeni, na hakuna bapa bichi la kusafirishwa nje ya eneo. Na asiwepo mtu wa kupanda mpungate mpya kwa ajili ya soko. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inamhesabu mkosaji anayeingiza kiumbe vamizi kwenye eneo la hifadhi kwa kujua.

Kazi moja hubaki, nayo ni ile ya nyua za nyumbani. Kambi za watalii, shule na maboma bado yana mpungate kama ua au pambo langoni, na nyani hawaulizi ni wa nani. Nenda ukaongee kwa adabu, na usiende mikono mitupu. Sisi hubeba vipandikizi vya mti wa Commiphora, vinene kama mkono, vilivyokatwa mwishoni mwa kiangazi na kuachwa kivulini mpaka kidonda kikauke. Huchomekwa ardhini mstari mmoja nyuma ya ua wa mpungate kabla ya mvua, vikaribiane kiasi cha kuku kutopita. Vikishika na kutoa majani, mwenye boma mwenyewe hutuita tuje kuung'oa mpungate.